Siku tatu na tela la boti, Mwanza hadi Tarime

Tela lenyewe lilikuwa la boti. Kwa miaka shemeji yangu alilitumia pale mwaloni Kirumba, Mwanza, analisukuma ziwani boti ikishushwa, analivuta likichuruzika maji boti ikipandishwa. Boti ilipouzwa, tela likabaki uani majani yakiliota. Sasa shemeji ni fundi wa kuchomelea, na fundi wa kuchomelea hawezi kuona chuma kimekaa bure. Akalijengea chumba cha paipu za mraba, plaiwudi ndani, bati nje, mlango ubavuni na madirisha mawili yenye wavu wa mbu. Ndani linaingia godoro moja la nne kwa sita, kwisha. Nyuma pana kifuniko kinachonyanyuka juu, chini yake rafu ya mtungi mdogo wa gesi na sufuria. Unapika umesimama nje.

"Shemeji, lichukueni Sabasaba mkapumzike," akaniambia. Sabasaba ilikuwa inaangukia Jumatatu, kwa hiyo siku tatu zilikuwepo, na Prado yetu ya zamani ilikuja na chuma chake cha kukokotea nyuma. Nilichagua Tarime kwa sababu moja tu: baridi. Sisi wa ziwani tunalala na feni. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, Tarime iko karibu mita 1,500, na hizo mita chache zinatosha kukutoa kwenye shuka na kukuingiza kwenye blanketi mbili.

Tukatoka Jumamosi saa mbili asubuhi, mimi kwenye usukani, mume wangu pembeni, watoto wawili nyuma. Namba ya tela ipo, taa za breki na indiketa tumezijaribu, mnyororo wa usalama umefungwa. Nilijiona nimekamilika.

Tulipopita Nyanguge nikafika kilomita 80 kwa saa, na tela likaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, halafu likawa linaivuta Prado kushoto kulia kama mbwa anayeogeshwa kwa lazima. Mguu ulitaka kukanyaga breki. Namshukuru Mungu sikukanyaga. Niliachia mafuta, nikashika usukani umenyooka, mwendo ukashuka wenyewe na tela likatulia. Mume wangu alikuwa kimya kabisa, jambo ambalo si kawaida yake.

Magu tukasimama kutafuta kosa, na kosa lilikuwa langu. Kwa kuwa jiko liko nyuma, nilipanga kila kitu cha jikoni nyuma: mtungi, boksi la vyombo, madumu mawili ya maji ya lita 20. Hayo maji peke yake ni kilo 40 zinazoning'inia nyuma ya ekseli, zinanyanyua pua ya tela na kuliachia mkia ucheze. Uzito unatakiwa uelemee mbele kidogo, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya tela lote ikandamize gari. Mizani hatukuwa nayo, kwa hiyo nilitumia mikono: pua ikinyanyuka kwa mkono mmoja ni nyepesi mno, nikishindwa kwa yote miwili nimezidisha. Madumu yakahamia mbele, chini ya godoro. Hadi tunarudi nyumbani halikutikisika tena.

Lamadi tukala sato. Baada ya hapo barabara inapita ubavuni mwa Serengeti, upande wa lango la Ndabaka, na watoto walikuwa wanahesabu nyani pembeni ya lami nilipoanza kusikia harufu ya kitu kilichoungua. Pale si mahali pa kushuka ukaanza kupapasa tairi. Nikaenda mwendo wa baiskeli hadi Bunda huku watoto wakifurahi kwamba mama leo anaendesha taratibu.

Habu ya gurudumu la kushoto ilikuwa haishikiki kwa moto. Fundi alipoifungua, grisi ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa, na beringi zimeliwa na kutu. Akaniuliza kama tela hili huwa linaingia majini. Basi nikaelewa. Lilipokuwa la boti lilikuwa linatoka Kirumba hadi Kirumba, maji yakiingia kwenye habu hakuna anayejua. Safari ndefu ndiyo iliyofichua. Tukabadilisha pande zote mbili, saa mbili zikaenda. Beringi moja mbovu nikaomba nirudi nayo. Tangu hapo kila tuliposimama nilikuwa natanguliza kiganja kwenye habu kabla ya kwenda chooni. Ya uvuguvugu haina neno.

Ukivuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, mafunjo kijani kushoto na kulia, nchi inaanza kunyanyuka. Kupanda si tatizo, unashusha gia na unawapisha wenye haraka. Kazi iko kwenye kushuka, maana tela dogo kama letu halina breki zake. Gari ndilo linazuia yote mawili. Niliacha injini ishike kwa gia ya chini, breki nikazitunza.

Mahali pa kulala nilikuwa nimepiga simu mapema. Nisingethubutu kuegesha pembeni ya barabara na watoto, na sioni kwa nini mtu afanye hivyo. Nilitafuta gesti yenye uzio, geti na mlinzi, nikaomba kulipia chumba kimoja na kuegesha uani. Dada wa mapokezi alituangalia sana.

"Mnalipia chumba halafu hamlali?"

"Choo na bafu tutatumia, dada."

Kwa hiyo anayedhani tela litamwokolea hela ya gesti asidanganyike. Na bado kulikuwa na kuingiza tela uani kwa rivasi, mbele ya watu. Mara ya kwanza likaelekea ukutani, ya pili likajikunja kama panzi. Dereva mmoja wa Fuso la ndizi akaacha chai yake. "Mama, shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kulia, mkia wa tela unaenda kulia. Taratibu." Ukishika juu unafikiria kinyume, ukishika chini unafikiria sawa. Likaingia. Tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukalaza chupa ya maji sakafuni kuona kama inabingirika.

Baridi ilikuja kama nilivyoiomba, na zaidi. Mlinzi, kwa wema wake, akaleta jiko la mkaa tuingize ndani. Nikamwomba alirudishe. Kijumba kile kikifungwa, kaboni monoksidi ya mkaa haina harufu, mnalala hamuamki. Lakini nikafunga madirisha yote, na alfajiri plaiwudi ilikuwa inatiririka jasho la pumzi zetu, blanketi la juu limelowa. Usiku wa pili niliacha dirisha wazi upana wa vidole viwili, tukalala pakavu. Nasema tukalala, yaani mimi na watoto. Mume wangu siku zote mbili alilala kwenye kiti cha Prado kilicholazwa, na amenikumbusha mara nyingi.

Jumapili hatukufanya lolote la kusimulia. Ukungu ulikaa hadi saa tatu, nilipika uji nimejifunga kitenge begani, mikono ikioteshwa na mvuke wa sufuria. Mume wangu akaenda kula kichuri, kitoweo kichungu cha Wakurya, na watu aliokutana nao dakika kumi zilizopita, akarudi akisema uchungu wake una utamu, mimi sikubishana. Nilinunua mkungu wa ndizi na maharage, nikavipanga mbele ya ekseli.

Kurudi tulipitia Butiama kwenye kaburi la Mwalimu, na pale nikaona safari nyingine ningeishia hapo hapo. Kilomita karibu 300 na tela kwa usiku mbili tu ni nyingi. Siku mbili kati ya tatu zilikuwa za barabarani.

Usiku tukarudisha tela Kirumba. Nikamwekea shemeji ile beringi mezani, pembeni ya sahani yake. Akaiweka sikioni, akaizungusha kwa kidole, ikakwaruza.

"Mchanga wa mwaloni huu," akasema, akaendelea kula.