Kuniita snichi ni kunionea

Jumamosi asubuhi mpangaji mwenzangu kaniita snichi, tena uani, watu wanafua, kila mtu kasikia. Kisa luku, umeme wa kulipia kabla. Hapa Sinza tunakaa wapangaji saba mita moja, kila mtu anachanga elfu kumi, sasa umeme uliokuwa unafika wiki mbili ukaanza kukata siku ya tisa, mama mwenye nyumba akaniuliza nani humu ana hita ya maji, nikamwambia ni huyu jamaa. Ndo kosa langu.

Mi sijanuna kwa sababu ya tusi, nimenuna kwa sababu kakosea neno. Snichi tumelitoa kwa Wamarekani na rap zao, huku mtaani tukalivisha kila mtu. Wakati yetu tunayo kibao! Mbea haripoti popote, anasambaza tu, anachopata ni utamu. Mchongezi, hilo la kina bibi, yeye anapeleka maneno kwa mkubwa ili we uumie. Halafu kuna mnoko. Mnoko wa kwanza kumjua wote ni yule monita wa darasa la nne, mwalimu akitoka tu anachomoa karatasi anaandika WAPIGA KELELE, ukibisha anakuwekea "mara mbili", ukicheka "mara tatu", na wetu sisi alikuwa anahongeka kwa ubuyu, ubuyu wa mia tu jina lako halipo tena, kwa hiyo hata unoko wenyewe ulikuwa wa biashara.

Serikali nayo ina lake, mtoa taarifa, na mwaka 2015 likatungiwa mpaka sheria ya kumlinda yeye pamoja na mashahidi. Ila simama uani na ndoo useme "mimi ni mtoa taarifa" uone watakavyokucheka.

Snichi kwa ninavyojua mimi ni yule mliyekuwa naye kwenye dili, mmekula wote, kikinuka anakuchoma. Wenyewe wanasema kachoma utambi. Sasa mi na hiyo hita wapi na wapi? Maji yake sijawahi kuoga hata kopo moja, naoga ya baridi mwezi wa saba huu, halafu nalipia ya kwake ya moto.

Niite mnoko, hapo sibishi sana.

Leo asubuhi nimemkuta anapuliza jiko la mkaa, sufuria juu. Nikamwambia mambo vipi kaka, kimya. Nikapita kuchungulia mita, zimebaki uniti 14 na leo ni siku ya kumi.