TV ina sauti ila kioo giza? Mulika tochi kwanza

Wiki iliyopita TV ya mama ilibaki na sauti tu, kioo cheusi tii, na nyumba nzima tukakubaliana kioo kimekufa. Fundi akaja, akafunga mapazia, akasogeza tochi ya simu karibu kabisa na kioo, na jamani mtangazaji yupo palepale anasoma habari, hafifu kama kivuli! Kioo kizima, kilichokufa ni taa za nyuma.

Maana kioo cha LCD, yaani kioo cha fuwele za kimiminika, hakitoi mwanga wowote chenyewe. Taa za LED nyuma yake zinawaka muda wote, kazi ya kioo ni kuupitisha ule mwanga au kuuzuia, basi.

Kinauzuiaje sasa? Mwanga ni mawimbi yanayotikisika kila upande, na kuna filta mbili ambazo ni kama nondo za dirisha, ya nyuma nondo zimesimama, ya mbele zimelala, kwahiyo kilichopita ya kwanza kinagonga ya pili na unaona giza. Katikati yake ndo kuna fuwele za kimiminika, kitu kinachotiririka kama mafuta lakini molekuli zake zimejipanga kwa mstari. Kwenye kalkuleta zimepangwa zinajipinda kidogokidogo mpaka nyuzi 90, mwanga ukipita humo unageuzwa nao, unatoka umelala, unapenya. Ukipeleka umeme molekuli zinanyooka, hakuna wa kuugeuza mwanga, pale panakuwa peusi. Zile namba nyeusi za kalkuleta ndo hizo! TV nyingi mpangilio wake ni tofauti kidogo ila kanuni ni ileile, na umeme ukiwa wa kiasi mwanga nao unapita kiasi.

Rangi ni filta nyekundu, kijani na bluu kwa kila nukta. TV ya 1920 kwa 1080 ina vidirisha hivyo vya rangi zaidi ya milioni 6 na kila kimoja kina transista yake, yaani swichi ndogo ya umeme, mimi hapo ndo nachoka kabisa kwa mshangao.

Na haya yote yalianza na karoti, mwaka 1888 huko Prague mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer aliona kemikali aliyoitengeneza kutokana na kolesteroli ya karoti inayeyuka mara mbili, kwenye joto la nyuzi 145 inakuwa uji mzito wa ukungu, ndo fuwele za kimiminika zenyewe hizo, nyuzi 178 inakuwa safi kama maji.

Fundi kabadilisha taa zote, sio ile moja iliyoungua, halafu akaingia kwenye setingi akashusha baklaiti, yaani mwangaza wa hizo taa za nyuma, alikuta iko mwisho kabisa. Taarifa ya saa mbili usiku mama kaiangalia.