Kidonge huja mwisho: siku moja kwenye kaunta ya famasia

Hii ni siku ya muuza famasia anayetibu moyo mzito kwa mwanga na matembezi kwanza, vidonge baadaye. Saa 11:45 alfajiri. Pazia linafunguliwa kabla simu haijashikwa. Dar es Salaam hatuna kisingizio cha giza: mwezi wa Novemba jua huchomoza karibu na saa 12 kamili, na Julai, mwezi wa uvivu wake, hufika kama saa 12:35. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) inayokuja na majira ya baridi na kuondoka nayo. Tiba yake ikawa taa kali ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga) ambayo mtu hukaa mbele yake nusu saa kila asubuhi. Dada zetu walioko Oslo au Minneapolis wananunua taa hizo mpaka leo, na zinawafaa. Kwetu mwanga wa kiasi hicho unapatikana bure pembeni ya mwarobaini, jua likishapanda. Tatizo ni kwamba tunatoka kitandani, tunaingia daladala, tunaingia kazini, na jua linazama macho hayajakaa nje hata robo saa.

Saa 12:20. Raba, kanga kiunoni, nje. Dakika 5 za mwendo wa sokoni, kisha dakika 20 za mwendo wa mtu aliyechelewa. Wengi hukosea hapa, kwa sababu kila mmoja ana "haraka" yake. Hesabu ni hii: toa umri wako kwenye 220, kisha chukua asilimia 60 ya kinachobaki. Wa miaka 40 anabaki na 180, na asilimia 60 yake ni mapigo 108 kwa dakika. Huna haja ya kuhesabu dakika nzima. Simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 15. Ukipata 27 uko palepale.

Anayetumia dawa za presha kama atenolo aachane na hesabu hiyo, maana dawa yenyewe huyashikilia mapigo yasipande. Yeye atumie mdomo: akiweza kuongea na mwenzake lakini akijaribu kuimba taarabu pumzi inakatika, mwendo ni sahihi.

Matembezi hufa kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni pupa: siku ya kwanza saa nzima, siku ya pili mashavu ya miguu hayagusiki, siku ya tatu "nitaanza Jumatatu". Ya pili ni ndala. Vidole hung'ang'ania kamba kila hatua, na baada ya wiki misuli ya mbele ya muundi inauma. Raba ya mtumba inatosha, ila ijaribu kwanza kwa kuikunja: soli ipinde kwenye vidole, isipinde katikati. Ya tatu ni njia. Barabara kuu ina moshi, vumbi na bodaboda, basi pita mitaa ya ndani, mkiwa wawili, kukiwa kumeshapambazuka. Siku tano kwa wiki zinatosha kuanzia. Ukikosa asubuhi, shuka daladala vituo viwili kabla, utembee dakika 10 kwenda na 10 kurudi.

Miwani ya jua inabaki nyumbani saa hizi, ingawa jua lenyewe halikodolewi macho. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo hazishughuliki na kuona sura za watu. Kazi yake ni kupima ukali wa mwanga na kuipelekea taarifa saa ya mwili iliyo kwenye ubongo. Saa hiyo ikipata mwanga mkali asubuhi, usingizi huja kwa wakati usiku. Ikikosa, usingizi unachelewa, na mwanamke aliyelala vibaya wiki nzima ana kila sababu ya kuamka na moyo mzito.

Saa 1:15. Chai. Kikombe hiki ndicho kinachoharibu vidonge vingi vya damu mjini. Majani ya chai yana tanini, na tanini hulikamata madini ya chuma tumboni kabla mwili haujalichukua. Kidonge cha chuma kinywewe na maji pamoja na chungwa au maji ya ndimu, chai ifuate baada ya saa moja au mbili. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni kawaida yake.

Kwa nini damu inaingia kwenye habari za moyo mzito? Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akishuka chini ya gramu 12 za hemoglobini (kinachobeba oksijeni kwenye damu) kwa desilita. Mwenye 9 ukimwambia atembee haraka atahema baada ya mita mia, atajiona mvivu, na atarudi nyumbani na huzuni mara mbili. Kwa hiyo kipimo cha damu kinatangulia raba.

Saa 2:30. Milango inafunguliwa. Ndani ya duka taa zote zikiwaka, mwanga ni lux 200 hadi 300, na jicho linadanganyika kwamba ni mwingi kwa kuwa limejizoesha. Hatua chache nje ya mlango, hata mbingu ikiwa na mawingu, unazidi hapo mara kumi na zaidi. Kiti cha kaunta kimegeuzwa kiangalie mlangoni. Haitoshi kuwa dawa, lakini haigharimu kitu.

Saa 4:30. Saa za orodha. Anakuja mama na simu mkononi, amepigia picha majina sita.

"Dokta, nipe hizi vitamini za kuondoa mawazo."

"Mama, mawazo yenyewe yana muda gani?"

Swali hilo linaulizwa kabla ya kopo lolote kushuka kwenye shelfu. Kama ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hana raha, halali au analala kupita kiasi, hali, au anawaza kufa, basi hapo si pa vitamini. Anaelekezwa hospitali leo hii. Aliyejifungua karibuni haambiwi "utazoea". Anayetumia dawa za sonona kama amitriptilini au fluoksetini haziachi kwa sababu ameanza kutembea. Sonona ina tiba ya maongezi na ina dawa.

Orodha yenyewe ina asili. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha matokeo ya jaribio la wiki 8 kwa wanawake 112 wa miaka 19 hadi 78 wenye dalili nyepesi hadi za wastani. Kundi moja lilitembea nje dakika 20 kwa asilimia 60 ya mapigo, likajiongezea mwanga mchana kutwa, na likanywa vitamini: B1, B2 na B6 miligramu 50 kila moja, asidi ya foliki mikrogramu 400, vitamini D IU 400 (IU ni kipimo cha vitamini), na madini ya seleni mikrogramu 200. Kundi hilo lilipata nafuu kuliko wenzao. Vitu vitatu vilikwenda pamoja, kwa hiyo jaribio haliwezi kusema nani kati yao alibeba mzigo. Huku mtaani kilichosafiri ni orodha ya vidonge. Matembezi na mwanga vimebaki Seattle.

Tena orodha hiyo si ya kumeza hivihivi. B6 ndiyo inayotupa shida zaidi. Vidonge vya "neva" wanavyoombea ganzi mara nyingi vina B6 miligramu 100 au 200 kimoja. Ikinywewa nyingi kwa miezi, B6 yenyewe huumiza neva za miguu na mikono na kuleta ganzi. Mtu anaongeza dozi ya kitu kinachomuumiza! Marekani wameweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka 12. Hata zile 50 za Seattle ziko juu ya hapo, basi mchanganyiko wa B wa dozi ndogo ndio salama kwa asiye na maelekezo ya daktari.

Seleni nayo ikizidi hutoa nywele na kuvunja kucha. Anayekula samaki au dagaa mara kwa mara anaipata sahanini. Asidi ya foliki ni nzuri, ila peke yake inaweza kurekebisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kula neva kimyakimya. Na kwa wanaorudi mbio: mkojo wa njano inayowaka ni B2 inayotoka. Huumwi figo.

Saa 6:45 mchana. Nje tena, kwa mamantilie. Huu ni mlango wa pili wa mwanga, na watu huuchanganya na ule wa asubuhi. Mwanga wa kumweka mtu macho huingia kwa jicho. Vitamini D hutengenezwa na ngozi, kwa mionzi ambayo asubuhi mapema ni michache na ambayo kioo cha dirisha huizuia. Kipimo cha mtaani ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inaweza kufanya kazi. Ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi, kama dakika 15 hadi 30, mikono na miguu wazi, mara chache kwa wiki. Avaaye buibui au nikabu anaweza kuupata uani kwake wakati wa kuanika nguo. Wenye ualbino hawahusiki kabisa na ushauri huu, na anayetumia doksisaiklini akae kivulini, maana dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi.

Ukishindwa jua, kuna kidonge: IU 400 hadi 600 kwa siku, na kisizidi 4,000 bila daktari. IU 40 ni mikrogramu 1, angalia kopo limeandikwa kwa kipi. Kuna kapsuli za IU 50,000 ambazo hunywewa moja kwa wiki kwa maelekezo ya daktari, na wapo wanaozinywa kila siku. Kalsiamu hupanda kwenye damu, ikaleta kiu, mkojo mwingi, kichefuchefu na kukosa choo.

Sahani: ugali wa dona, maharage, matembele, dagaa. Sembe nyeupe imeachia B1 nyingi mashineni pamoja na pumba na kiini. Matembele yasichemshwe mpaka yabadilike rangi halafu maji yakamwagwa, kwa sababu foleti (asidi ya foliki ya kwenye chakula) inayeyuka kwenye hayo maji.

Saa 9:30 alasiri. Saa ya kusinzia, na ya wenye vyeti vya kila mwezi. Mama wa kisukari anayetumia metformini miaka mingi akilalamika uchovu na ganzi, tunamkumbusha aombe kipimo cha B12, kwani metformini hupunguza ufyonzwaji wake. Kumwongezea "multivitamini" bila kupima ni kufunika sufuria inayoungua.

Kahawa inaishia hapa. Ya saa 11 jioni bado iko mwilini saa 5 usiku.

Saa 12:10 jioni. Hesabu, kufuli, na vituo viwili kwa miguu. Ni mwendo wa kawaida tu, maana giza liko karibu.

Saa 3 usiku. Taa ya sebuleni inazimwa, inabaki ndogo ya pembeni. Saa ileile ya mwili iliyoamshwa na mwanga wa asubuhi huvurugwa na mwanga wa usiku, simu ikiwa karibu na uso kuliko kitu chochote. Umeme ukikatika saa hizi, kwa mara moja watu wa umeme wametusaidia.

Saa 4. Simu inachajiwa jikoni. Pazia linaachwa wazi kiasi cha kiganja. Raba ziko mlangoni na soksi ndani yake. Kopo la vitamini D liko kabatini, na hiyo hunywewa na chakula chenye mafuta, kwa hiyo itasubiri mchana.