Kumbukumbu za Impreza yangu: miezi mitatu ya mwisho

Machi

Nimeamua kuiuza Impreza, Subaru yangu. Nimekuwa nikiandika kumbukumbu za gari hili tangu mwaka 2016, nilipolinunua hapa Mombasa likiwa na kilomita 81,000, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningeandika habari za mnunuzi. Sababu ni mama. Anaishi juu ya Wundanyi, kwenye vilima vya Taita, na tangu magoti yaanze kumsumbua sina budi kumpeleka hospitalini kila baada ya wiki chache. Lami inayopanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi, kona juu ya kona, ndiyo barabara iliyolifaa gari hili kuliko zote. Lakini kutoka sokoni hadi nyumbani ni udongo na mawe, na kwa kuwa nililishusha kwa springi fupi, tumbo lake hukwaruza kabla hatujafika nusu ya njia. Mara mbili nimeliacha sokoni na mama akateremka kwa bodaboda, mkono mmoja ukishika mkoba na mwingine bega la kijana wa pikipiki. Mara ya pili ndipo nilipokata shauri.

Ni WRX STI, toleo la kasi la Impreza, ya mwaka 2007 iliyotoka Japani: injini ya lita 2 ambayo silinda zake nne zimelala ubavu, mbili huku na mbili kule, tabo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi kwenye silinda), gia sita za mkono, na nguvu za farasi 280 kama ilivyotoka kiwandani. Rangi ni buluu, na rimu nilizipaka dhahabu mwenyewe. Nilikuwa mtoto mwaka 1997 dereva Mskoti Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza ya buluu, na tangu hapo sikutaka rangi nyingine.

Aprili

Wengi wamenishauri nilivunje: niuze kipoza hewa kikubwa peke yake, shokomzoba peke yake, radieta ya alumini peke yake, kisha nirudishe vifaa vya kiwandani na kuliuza gari likiwa la kawaida. Kwa hesabu ya fedha ushauri huo ni sahihi, maana fedha zinazotiwa kwenye marekebisho hazirudi zote hata siku moja. Lakini kompyuta ya injini ilipangwa upya kwa kufuata vifaa vilivyomo sasa. Injini hizi zilikusudiwa petroli ya Japani yenye oktani ya juu (kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka mapema), ile ya 100, na ya vituo vyetu haifiki hapo. Ukiibana kwa shinikizo kubwa la tabo, petroli hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi. Ndiyo maana fundi wangu aliuchelewesha muda wa cheche, akaongeza mafuta kidogo, na akakubali kupoteza sehemu ya nguvu ili injini idumu. Ukiondoa kifaa kimoja katika mpangilio huo bila kuipanga kompyuta tena, umemuuzia mwenzako injini itakayokufa. Kwa hiyo nimeamua kuliuza zima, na springi ndefu pamoja na ekzosi ya kiwandani zitakwenda nalo butini.

Nimetumia wiki mbili kuandaa orodha ya kazi zote zilizofanyika, pamoja na risiti zake. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji vilibadilishwa gari likiwa na kilomita 96,000, kabla ya zile 100,000 zinazopendekezwa, kwa sababu mkanda ukikatika kwenye injini hii vali hugongana na pistoni. Nimeandika pia yasiyopendeza. Hewa ya chumvi ya pwani imekula bodi juu ya magurudumu ya nyuma, na ingawa nilikata kutu na kuchomelea bati jipya upande wa kushoto, upande wa kulia bado unahitaji kazi hiyo. Nimeupiga picha ukiwa wazi, kabla ya rangi yoyote.

Mei

Madalali walikuwa wa kwanza kupiga simu, na wote walitaka bei ishuke kabla hata ya kuliona gari. Kisha wakaja vijana. Mmoja aliliwasha, akasikiliza, akauliza kwa masikitiko mbona halingurumi kama Subaru. Nilimweleza kwa kirefu, maana ni swali ninalolipenda. Ule mngurumo wa kukatakata hutokea kwa sababu mabomba yanayopeleka moshi kwenye tabo hayalingani urefu, hivyo mapigo ya silinda hufika kwa nyakati zisizolingana. STI za Japani za miaka ile zilipewa mabomba yanayolingana na tabo yenye njia mbili za kupokea moshi, nayo huanza kusukuma hewa mapema. Sauti yake ni laini zaidi, lakini kwenye kona za Wundanyi gari huitika mara tu unapokanyaga. Kijana alisema angeyabadilisha mabomba hayo wiki ya kwanza. Nilimshukuru kwa kuja, na sikumpigia tena.

Aliyelinunua ni dada mmoja kutoka Nakuru, ambaye alikuja na fundi wake, na swali lake la kwanza lilikuwa ni oili kiasi gani injini inakula kati ya huduma moja na nyingine. Walipima mgandamizo wa silinda zote nne, wakakuta zinakaribiana sana, kisha wakalala chini ya gari kwa karibu saa nzima. Kuhusu kutu ya upande wa kulia alipunguza bei kwa kiasi cha haki, na nikakubali bila kuvutana. Siku hiyo hiyo tulikamilisha uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Jambo moja nilimsisitizia kabla hajaondoka. Kompyuta ilipangwa hapa, usawa wa bahari, ilhali Nakuru iko mita zaidi ya 1,800 juu na hewa yake ni nyepesi. Tabo italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikishe shinikizo lile lile, na itachoka mapema ikiachwa hivyo. Nilimwomba asilikanyage sana mpaka mpangilio ukaguliwe huko. Akayaandika hayo katika daftari langu, ambalo sasa ni lake, chini ya mwandiko wangu wa miaka saba.

Aliondoka alfajiri, kilomita 138,400 zikiwa kwenye dashibodi. Saa nne kasoro nikapokea picha kutoka Mtito Andei: boneti imefunguliwa, kijiti cha oili kimefutwa na kuchovywa tena, na alama iko pale pale nilipoiacha.