Lokalzeit: televisheni ya mji wako Ujerumani, na jinsi ya kuifikia

Ikifika saa moja na nusu jioni, WDR, televisheni ya umma ya jimbo la Nordrhein-Westfalen, hugawanyika. Aliye Dortmund anaona habari za Dortmund, aliye Aachen anaona za Aachen. Kipindi kinaitwa Lokalzeit, ni cha nusu saa, na jimbo lina matoleo 11: Köln, Bonn, Aachen, Düsseldorf, Duisburg, Essen, Dortmund, Münster, Bielefeld, Siegen na Wuppertal. Humo ndimo utasikia daraja gani limefungwa, bwawa gani la kuogelea halina walinzi, shule gani inavuja. Msimu wa kanivali utajifunza pia kwamba Köln hushangilia kwa "Alaaf" na Düsseldorf kwa "Helau". Usizichanganye, watu wa huko wana wivu na mji wao kama Mmombasa na wake.

Mpangilio huu una sababu. Wanazi walikuwa wameifanya redio kipaza sauti cha Berlin, kwa hiyo baada ya vita utangazaji ulikabidhiwa majimbo.

Na unaulipia. Ada ya utangazaji, Rundfunkbeitrag, ni euro 18.36 kwa mwezi tangu 2021, kwa kawaida euro 55.08 kila miezi mitatu. Inadaiwa kwa makazi, si kwa kichwa, wala "sina TV" si utetezi. Mkiwa wanne kwenye fleti moja analipa mmoja, na wenzake wanajibu barua za Beitragsservice, ofisi inayokusanya ada, kwa kuandika namba yake ya malipo. Penye utata ni hosteli: chumba kinachofunguka kwenye korido ya watu wote huhesabiwa makazi kamili. Anayepokea msaada wa serikali wa kujikimu anaweza kusamehewa, lakini lazima aombe na kuambatisha uthibitisho. Barua ikitupwa kwa kudhaniwa tangazo la biashara, deni huongezewa angalau euro 8, na likiendelea akaunti ya benki inaweza kuzuiwa. Anayehama nchi aiarifu Beitragsservice yeye mwenyewe, kwa sababu kujiondoa manispaa peke yake hakufungi hesabu. (Deutsche Welle, yenye idhaa yetu ya Kiswahili tangu 1963, haimo katika ada hii, inalipwa na bajeti ya shirikisho.)

Kama dishi lako linakuonyesha Köln na wewe uko Bielefeld, tafuta kwenye orodha ya chaneli WDR yenye jina la mji wako au eneo lake, uipandishe juu. King'amuzi cha zamani kisichopokea HD hakiioni WDR: ARD, muungano wa vituo vya umma ambamo WDR imo, ilizima picha za SD kwenye setilaiti tarehe 7 Januari 2025. Kebo nayo, tangu 1 Julai 2024 mwenye nyumba haruhusiwi kuiingiza kwenye gharama za pango, hivyo bila mkataba wako inaweza kukatwa. Usikimbilie kusaini kwa anayepiga hodi mlangoni. Antena ya DVB-T2 HD hupokea chaneli za umma bila malipo ya ziada, na Mediathek, maktaba ya video ya mtandaoni, ina matoleo yote.

Sasa lililo kubwa zaidi: jumuiya zetu zitazame, na pia zionekane. Vyama vingi hutuma bango la sherehe siku mbili kabla, kisha vinashangaa kamera haikuja. Andikeni kwa studio ya mji wenu wiki mbili kabla, kwa Kijerumani, nusu ukurasa: tukio, siku, saa, anwani, na linamhusu nani mjini. "Sherehe ya utamaduni" ni nyepesi. "Wauguzi 12 kutoka Kenya wameanza kazi hospitali ya hapa na hawapati nyumba" ni habari. Televisheni inataka picha, kwa hiyo taja kitakachoonekana: jiko likipika, watoto wakifanya mazoezi ya ngoma, foleni. Tafuteni watu wawili wanaojieleza kwa Kijerumani kwa sentensi fupi, mmoja wao asiwe kiongozi, maana hotuba ya mwenyekiti hubaki sekunde kumi tu baada ya kuhaririwa. Wazazi watie saini ruhusa ya watoto kupigwa picha kabla ya siku yenyewe. Ikikosekana, mpiga kamera huwaacha watoto nje, na mara nyingi hao ndio waliokuwa picha nzuri kuliko zote. Namba ya simu mliyoandika iwe ya mtu anayepokea mchana.