Siku moja na slaidi ambazo kila mtu ataweza kuzisoma

Saa mbili asubuhi. Natengeneza slaidi za watu wengine, na za leo zimekuja na jedwali la miradi lililojaa vitone vyekundu, vya njano na vya kijani, bila neno hata moja. Mwenyewe anawasilisha kesho. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mwanaume 1 kati ya 12 ana upofu wa rangi wa nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni kama 1 kati ya 200. Jeni zinazohusika ziko kwenye kromosomu X, na mwanaume anayo moja tu, hana ya pili ya kufidia hitilafu. Wengi wa wenye upofu huu wanaona rangi, ila nyekundu na kijani ndizo zinazowachanganya.

Saa tatu. Kabla ya kugusa chochote, nageuza faili zima kuwa jeusi na jeupe. Vitone vyekundu na vya kijani vinatoka kijivu kilekile. Basi mradi uliokamilika naupa alama ya vema, uliokwama alama ya X, unaosuasua pembetatu, na pembeni ya kila alama naandika hali yake. Rangi naziacha, ila sasa zina wenzake wa kuzisaidia.

Saa tano. Grafu ya mistari, na hapa ndipo muda wangu mwingi unapoishia. Mistari mitano, na ufunguo, yaani maelezo ya rangi ipi ni ya mstari upi, umewekwa kule chini, kwa hiyo msomaji analazimika kulinganisha rangi huku na huku. Naufuta. Jina la kila mstari naliandika pale mstari unapoishia. Rangi nachukua kwenye zile nane walizopendekeza watafiti wa Japani Masataka Okabe na Kei Ito, ili hata wenye upofu wa rangi wazitofautishe: bluu, chungwa, bluu ya anga na nyinginezo. Njano siipeleki kwenye mandhari meupe, inapotea. Mistari miwili inayopishana naitofautisha zaidi: mmoja mzima, mwingine wa vipandevipande. Kisha napima utofauti wa mwanga kati ya kilichoandikwa au kuchorwa na mandhari yake: maandishi ya kawaida angalau 4.5 kwa 1, mistari 3 kwa 1.

Saa nane mchana. Mwenye kazi anapiga simu.

"Kaka, mbona umeongeza maandishi? Nyekundu kila mtu anaijua ni hatari."

Namfungulia slaidi yake ya zamani kwenye programu inayoigiza upofu wa rangi. Vitone vyote vimekuwa vya rangi ya udongo.

"Kumbe! Sasa mradi uliokwama ni upi hapa?"

Ndilo swali ambalo wasikilizaji wake wangejiuliza kimyakimya. Namshauri pia aache kalamu ya leza nyekundu, kwa sababu wapo ambao nyekundu kwao imefifia sana na kile kidoa hawakioni.

Saa kumi. Tunajaribu kwenye projekta ya ukumbini, maana rangi za kompyuta hupauka pale. Chungwa imepauka kidogo, naikoleza. Kilichobaki ni maelezo atakayoyasema kwa mdomo. Palipoandikwa "kama mnavyoona kwenye nyekundu", tunaandika: "mradi wa tatu kutoka juu, wenye alama ya X."