Picha za wadudu zilitoka na ukungu: jinsi nilivyotatua

Kwa wiki kadhaa kila picha ya mdudu niliyopiga kwa lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana) ilitoka na ukungu, nikaamini lenzi imeharibika. Siku moja nikaikuza picha ya nzi kwenye kompyuta. Unywele mmoja wa mguuni ulikuwa mkali kabisa, lakini macho yote mawili yamefifia. Kumbe lenzi ni nzima! Kwa ukubwa wa 1:1 (mdudu huonekana kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi) na tundu la kupitisha mwanga la f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), sehemu iliyo ndani ya fokasi, yaani inayotoka kali, haifiki hata nusu milimita, na kupumua tu kulitosha kuihamisha.

Nikafunga tundu hadi f/11, nikapata sehemu kali ya zaidi kidogo ya milimita moja. Flashi ikafidia mwanga uliopungua. Fokasi ya otomatiki nikaizima, nikawa nasogea mwenyewe mbele na nyuma taratibu, nikibonyeza pale jicho linapokaa sawa. F/22 siishauri, kwa sababu picha nzima hupoteza ukali.

Kwa ukaribu huo kioo cha mbele hugusa majani, chavua ikanata. Napuliza kwanza kwa pampu ya mkono, ndipo nafuta kwa kitambaa laini. Ukianza na kitambaa, chembe za mchanga zitakwaruza kioo.